Maswali ya Wasomaji: Majina Yetu kwenye Ramani ya Mvua

Tangu tulipoeleza katika safu hii namna ya kufungua data za utabiri wa mvua kwa QGIS, programu ya kuchora ramani ambayo hupatikana bure, barua nyingi zinazotufikia kutoka Dodoma na Singida haziulizi tena habari za mvua yenyewe. Zinauliza habari za majina: yapi yaandikwe, yakae upande gani wa nukta, na kwa nini mengine hupotea au kuhamia nchi za watu. Tumezichagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ninatengeneza ramani ya mvua ya kila wiki kwa wakulima wa mtama na alizeti. Nimepakua faili yenye vijiji vyote vya mkoa, lakini nikiiweka juu ya rangi za mvua, rangi hazionekani tena. Nikiitazama ramani kwa mbali, nusu ya majina hutoweka, yakiwemo ya makao makuu ya wilaya. Nifanyeje?
*Afisa ugani, Kongwa*

Ndugu afisa ugani, programu haijakosea. Inapopanga majina huyazuia yasipandane, na majina mawili yanapogombea nafasi moja, moja hufichwa. Usipoiambia lipi lina uzito, haina njia ya kujua kwamba Mpwapwa ni makao makuu ya wilaya na kwamba jirani yake kwenye orodha ni kitongoji cha nyumba chache. Ongeza safu moja kwenye jedwali lako, uiite daraja, na kila mahali upape namba: 1 kwa makao makuu ya mikoa, 2 kwa makao makuu ya wilaya, 3 kwa miji midogo na masoko yanayojulikana, 4 kwa vijiji. Kisha, badala ya mtindo mmoja wa lebo kwa faili nzima, tumia lebo zinazofuata kanuni, na kila daraja ulipe ukubwa wake wa herufi, kipaumbele chake na mipaka ya skeli ambamo linaruhusiwa kuonekana. Kwa ramani ya Kanda ya Kati yote, Dodoma na Singida zinatosha, pamoja na Iringa, Morogoro na Tabora zinazoizunguka. Ukifika skeli ya 1:1,000,000 ndipo ziingie Kondoa, Chemba, Bahi, Manyoni, Kongwa na Mpwapwa. Vijiji visubiri hadi karibu na 1:250,000.

Ningekushauri uwe bahili hata baada ya hapo. Mkulima anayeishika ramani hii hana shida ya kuvijua vijiji vyote vya mkoa. Anatafuta mahali pake, kisha anatazama rangi iliyopo hapo. Jina ambalo halimsaidii kufika kwenye rangi hiyo linamzibia. Ndiyo maana Kibaigwa, ambayo si makao makuu ya wilaya, ningeipandisha hadi daraja la 2 bila kusita: kwa sababu ya soko lake la nafaka, inajulikana na watu wengi kuliko makao makuu kadhaa ya wilaya.

Kuhusu nafasi ya jina, mchoraramani wa Uswisi Eduard Imhof, ambaye kanuni zake bado zinafuatwa katika kazi hii, alipendelea jina likae kulia kwa nukta na juu kidogo. Upande wa mashariki wa mkoa wetu kanuni hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa Kongwa, Mpwapwa, Kibaigwa na Gairo ya mkoani Morogoro zimesogeleana sana. Ukiyaacha majina yote upande wa kulia, jina la Kongwa litaelekea kuikanyaga Kibaigwa, na la Kibaigwa litaifikia nukta ya Gairo. Weka Kongwa kushoto kwa nukta yake, Kibaigwa juu, Mpwapwa chini, na Gairo ibaki kulia. Matoleo ya QGIS kuanzia 3.0 hukuruhusu kulishika jina kwa kipanya, ukalisogeza, na programu ikaikumbuka nafasi hiyo kila unapofungua mradi, kwa hiyo hutairudia kazi hii kila wiki.

Herufi ziwe nyeusi au za kijivu kilichokolea, zikizungushiwa ukingo mweupe. QGIS huanza na ukingo wa milimita 1, ambao kwa ramani ya mvua naona ni mnene mno, kwa sababu unafuta rangi ileile ambayo msomaji ameifuata. Upunguze hadi nusu. Majina ya maji, kama Mtera, Hombolo na kinamasi cha Bahi, kwa desturi huandikwa kwa herufi za mlazo zenye rangi ya buluu, lakini kama mvua kubwa nayo umeipaka buluu, jina la bwawa litazama humo. Bakiza mlazo, rangi iache.

Wanafunzi wangu waliandika majina ya miji ya Tanzania ya kati na vipimo vyake katika jedwali, tukalipakia kwenye programu. Baadhi ya miji imetokea Ethiopia, mingine baharini karibu na Morocco, na Kondoa yetu haipo kabisa. Tatizo ni la programu au la jedwali?
*Mwalimu wa sekondari, Kondoa*

Mwalimu, tatizo ni la jedwali, na uzuri wake ni kwamba mahali jina lilipoangukia panakueleza kosa lenyewe. Chukua Dodoma mjini, iliyopo latitudo 6.17 kusini na longitudo 35.74 mashariki. Kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, latitudo yetu huandikwa kwa alama ya kutoa, yaani -6.17. Alama hiyo ikisahauliwa, Dodoma itavuka Ikweta na kutua kusini-magharibi mwa Ethiopia. Alama ikiwepo lakini safu mbili zikabadilishana nafasi, itaangukia bahari ya Atlantiki, magharibi kidogo ya Tangier. Makosa yote mawili yakikutana, utaikuta Algeria, jirani na mji wa Batna. Waandikie wanafunzi mambo haya matatu ubaoni, nao watajisahihisha wenyewe.

Safu hubadilishana kwa sababu inayoeleweka. Ramani za simu hutoa latitudo kwanza, ilhali programu za kuchora ramani huuliza X kabla ya Y, na X ni longitudo. Kondoa kutokuwepo ni kosa la aina nyingine: huenda mwanafunzi aliandika 4,90 badala ya 4.90. Katika faili ambamo koma ndiyo hutenganisha safu, namba hiyo hukatika vipande viwili na mstari mzima huharibika.

Makosa ya kufika Algeria hayana madhara makubwa, kwa kuwa yanaonekana waziwazi. Linalonitia wasiwasi zaidi ni la kuchanganya dakika na desimali. Vitabu vingi huiweka Dodoma kwenye nyuzi 6 dakika 10 kusini na nyuzi 35 dakika 45 mashariki. Dakika hugawanywa kwa 60, hivyo tunapata 6.17 na 35.75. Mwanafunzi akiandika 6.10 na 35.45, jiji litasogea zaidi ya kilomita 30 kuelekea upande wa Bahi, na kwa kuwa bado liko ndani ya mkoa wake, hakuna atakayeshtuka. Ramani itachapishwa, na mvua ya Bahi itasomwa kuwa ya mjini.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu. Ikiwa baadhi ya vipimo vilichukuliwa kwa kifaa cha GPS katika mfumo wa UTM, unaoigawa dunia katika kanda zenye upana wa digrii sita, kumbuka kwamba mstari wa longitudo 36, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 ya mfumo huo, unapita mashariki kidogo ya jiji la Dodoma. Kondoa, Bahi na Dodoma mjini zimo kanda ya 36; Kongwa na Mpwapwa zimo kanda ya 37. Ukizisoma zote kwa kanda ya 36, Kongwa itahama digrii sita nzima kwenda magharibi na utaikuta mkoani Katavi, ng'ambo ya Mpanda. Ama tofauti kati ya mfumo wa zamani wa Arc 1960 na WGS 84 inayotumiwa na GPS, hiyo ni kama mita 300 tu, na kwa ramani ya mvua haifai kukukosesha usingizi.

Kwenye ramani yangu jina la Chang'ombe lina alama za ajabu katikati, na Ng'hong'onha haionekani kabisa. Majina mengine yote yako sawa.
*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Mkosaji ni ritifaa, ile alama ya ng'. Inazo sura mbili katika kompyuta: iliyonyooka na iliyopinda. Programu za kuandikia barua hukuwekea iliyopinda bila kukuuliza, na faili iliyohifadhiwa kwa usimbaji (yaani namna kompyuta inavyoziandika herufi kwa namba) wa UTF-8 ikisomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, ritifaa hiyo moja hugeuka alama tatu, na jina likasomeka Changâ€™ombe. Badilisha ritifaa zote ziwe zilizonyooka, hifadhi jedwali kwa UTF-8, na unapolifungua uchague UTF-8 tena.

Iliyonyooka nayo ina neno lake, kwa kuwa kwa kompyuta ndiyo hufungua na kufunga maandishi. Ng'hong'onha ina ritifaa mbili, na faili ikisomwa kwa mpangilio unaoihesabu ritifaa kuwa alama ya nukuu, jina huvurugika au mstari wake hukataliwa. Ondoa mpangilio huo, uache alama mbili za nukuu za kawaida. Na unapoandika kanuni yenye jina ndani yake, irudie ritifaa mara mbili, hivi: 'Chang''ombe'. Wapo wanaoifuta ritifaa ili kuepuka usumbufu huu. Ramani inayosomwa na wenyeji isifanyiwe hivyo.

Nilimtumia ndugu yangu wa Dodoma ramani iliyoonyesha mvua kubwa Makutupora, akaahirisha kuvuna zabibu. Kumbe ilikuwa Makutupora ya huku kwetu. Jambo hili linazuiwaje?
*Msomaji, Manyoni*

Pole zimfikie ndugu yako. Makutupora zipo mbili, na zote zina sababu ya kujulikana: moja iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, yenye mashamba ya zabibu na visima vinavyolisha jiji maji, nyingine iko wilayani Manyoni, ambako kinaishia kipande cha reli ya kisasa kinachotoka Morogoro. Jedwali zuri la majina liwe na safu mbili, moja ya jina kama lilivyo na nyingine ya lebo, yaani maandishi yatakayochapishwa. Katika safu ya jina zote mbili zitabaki Makutupora. Katika safu ya lebo, moja itakuwa Makutupora (Dodoma) na nyingine Makutupora (Manyoni). Programu iambiwe isome safu ya lebo. Fanya hivyo hata pale ramani inapoonyesha moja tu kati ya hizo mbili, kwa sababu anayeipokea picha kwenye simu hajui ramani ilikatwa wapi.

Lakini jina linalopotosha wengi zaidi katika kanda hii ni Dodoma lenyewe. Mkoa una kilomita za mraba 41,311, na kutoka Kondoa mpaka Bwawa la Mtera, hata ukienda kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 200. Mvua ikinyesha Kondoa, mtu akaandika “Dodoma” kwa herufi kubwa juu ya mkoa wote, mkazi wa Kizota atatoka na mwavuli bure. Jina la mkoa liandikwe kwa herufi zilizoachanishwa, za kijivu chepesi, zikitandazwa juu ya eneo lote bila nukta. Jina la jiji liwe jeusi, dogo zaidi, lenye nukta yake. Chamwino na Chemba, ambayo kila moja ni jina la wilaya na la mahali ndani ya wilaya hiyo, zitendewe vivyo hivyo.

Sisi ni wakulima wa zabibu wa Mpunguzi. Tungependa ramani ya utabiri ionyeshe majina tunayoyatumia wenyewe: vitongoji, makorongo, hata shamba la kila mmoja wetu, ili kila mtu ajue mvua inayomhusu. Je, programu inaruhusu?
*Wanakikundi, Mpunguzi*

Ndugu zetu, programu inaruhusu. Data ndizo hazina uwezo huo. GFS, modeli ya kompyuta ya Marekani ya kutabiri hali ya hewa, ambayo wengi wenu mnaitumia kwa sababu ni ya bure, hutolewa kwa gridi ya digrii 0.25, yaani kila mraba una upande wa kilomita 28 hivi. Mraba mmoja una ukubwa wa karibu kilomita za mraba 770, na ndani yake kuna namba moja tu ya mvua. Mkiandika humo majina ya mashamba ishirini, mtakuwa mmeichapisha namba ileile mara ishirini, na kila mwenye shamba ataamini kwamba amepimiwa yeye.

Jambo hili huzidishwa na programu zenyewe. Ili picha ipendeze, nyingi hulainisha mipaka ya miraba, rangi ikawa inabadilika taratibu kutoka mraba mmoja hadi mwingine. Mtu huona shamba lake limeangukia kwenye kijani kilichokolea na la jirani kwenye kijani chepesi, akadhani kuna tofauti ya mvua, kumbe tofauti hiyo imetengenezwa na ulainishaji. Zimeni ulainishaji huo kwanza, mtazame miraba ilivyo, ndipo mwamue majina. Mimi huona jina moja kwa kila mraba linatosha, au mawili pale penye mji mkubwa na kijiji kinachojulikana. Kwa mvua iliyokwisha kunyesha zipo data zenye miraba midogo zaidi, kama CHIRPS, ambazo huanzia mwaka 1981 na zina gridi ya digrii 0.05, kiasi cha kilomita 5.5. Hizo zinastahimili majina ya kata na vijiji vilivyoachana. Shamba bado haziliwezi.

Hata hivyo, msiyatupe majina yenu, kwa sababu kuna mahali yanapostahili. Mvua za msimu hapa kwetu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, mara nyingi huletwa na mawingu yanayojijenga mchana na kunyesha kwa vipande. Mpunguzi hulowa na Mkonze ikabaki na vumbi. Mkiwa na vipimamvua, ambavyo kila milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba, basi kipimo cha asubuhi kimechukuliwa mahali fulani hasa, na mahali hapo pana haki ya kuandikwa. Tengenezeni tabaka la pili, tofauti na la utabiri, lenye nukta kwa kila kipimamvua. Jina la kitongoji au korongo liwe mstari wa juu na milimita ziwe mstari wa chini, kwa herufi nene. Ramani hiyo itawaambia mambo ambayo modeli haiwezi kuyajua.

Majina ya watu msiyaandike. Shamba liitwe kwa kitongoji au kwa namba, kwa kuwa ramani ikishatoka kwenye simu moja haina mwenyewe tena. Na pale jina la mazoea linapojulikana kuliko la serikali, lichapisheni la mazoea. Anayekwenda Nzuguni kupanda basi huuliza Nanenane, na ramani haina sababu ya kubisha. La serikali lihifadhiwe katika safu yake. Mkiyaongeza majina hayo katika OpenStreetMap, wapo watakaoyakuta wanapotengeneza ramani nyingine, na ninyi mnapochukua majina ya huko, waandikeni wachangiaji wake pembeni mwa ramani, kama leseni inavyotaka.

Je, faili yangu ya majina inaweza kutumika katika zile programu za rada za Marekani?
*Msomaji, Singida*

Muundo wake ni rahisi: katika GRLevel3, kwa mfano, faili ya majina ni maandishi matupu, kila mahali pakiwa na mstari wake wa latitudo, longitudo na jina, pamoja na kiwango cha masafa, kwa maili za baharini, ambacho ukikivuka majina hujificha. Lakini programu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya rada za Marekani, na majina ya Singida yataning'inia mahali pasipo na picha yoyote chini yake.

Ramani zetu tunazisambaza kwa WhatsApp. Watu wanalalamika kwamba majina hayasomeki, na wengine wanazituma upya baada ya siku kadhaa kana kwamba ni za leo. Tufanye nini?
*Katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga, Bahi*

Katibu, WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi, na herufi nyembamba ndizo huathirika kwanza. Itumeni kama dokumenti badala ya picha, nayo itafika ilivyo. Kwa wale watakaoituma upya kama picha, tumieni mwandiko usio na vikonyo (vile vijistari vya mwisho wa herufi), wenye unene wa wastani. Na kama ramani ina upana wa pikseli 1,080, herufi zisipungue pikseli 24 hivi kwa kimo. Jaribio ni kuifungua kwenye simu ndogo, nje, jua la saa saba mchana.

Kuhusu ramani zilizopitwa na wakati, tarehe iwe ndani ya picha, karibu na katikati ya ukingo wa juu ambako haikatwi kirahisi, wala si kwenye maelezo ya chini ambayo hubaki nyuma picha inapohamishwa. Ziandikwe tarehe mbili: ya kutolewa kwa utabiri na ya kipindi unachokihusu. Modeli ya GFS huanza kukokotoa saa 00, 06, 12 na 18 za saa za dunia, ambazo kwetu ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Programu huchapisha saa za dunia yenyewe, na msomaji wa Bahi akiona “12:00” atadhani ni adhuhuri ya kwake. Badilisheni kabla ya kutuma. Liandikwe pia jina la chanzo cha data. Tahadhari za mvua kubwa au mafuriko zichukuliwe kama zilivyotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa maneno yake na tarehe yake, na ramani ya kikundi isiwekewe neno “tahadhari” popote.